Kiti cha Bumbuli: Usambara na mirathi ya madaraka

Katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, lipo jimbo moja la uchaguzi lenye kata mbili zinazotosha kuandikia historia nzima ya kurithi madaraka. Moja ni Vuga, yalikokuwa makao ya wafalme wa Wasambaa kwa zaidi ya karne moja. Nyingine ni Bumbuli, ambako kwa mujibu wa mapokeo ya utawala huo ndiko alikokaa mtoto wa mfalme aliyetarajiwa kurithi. Mfalme alipofariki, mrithi aliletwa Vuga kutoka Bumbuli. Leo kata hizo zote zimo ndani ya Jimbo la Bumbuli, na wakazi wake wanampata mbunge kwa karatasi ya kura.

Mwaka 2010 jimbo hilo lilimchagua January Makamba. Alikuwa ametoka kufanya kazi Ikulu kama msaidizi wa Rais Jakaya Kikwete, na kwenye kura za maoni alikuwa amemwangusha mbunge mzoefu, William Shellukindo. Baba yake, Mzee Yusuf Makamba, wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi (CCM). Mitaani neno halikukawia: mtoto wa kigogo. Miaka 15 baadaye, Julai 2025, Kamati Kuu ya chama hichohicho ilitangaza majina ya watakaoshindania kura za maoni, na jina la January halikuwamo.

Ili kulielewa hilo, ni vizuri kuanza na mwindaji mmoja aliyenyimwa urithi.

Kigego aliyegeuka mfalme

Habari za Mbegha zimehifadhiwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeitumikia nyumba ya watawala wa Usambara na kuwafahamu kwa karibu. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kuchapishwa miaka ya 1890 na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA huko Magila, karibu na Muheza. Ni miongoni mwa vitabu vya kale vya historia vilivyoandikwa kwa Kiswahili na mwenyeji wa pwani, na bado hakijapata wasomaji kinaostahili.

Simulizi inasema Mbegha alitoka Kilindi, kwenye milima ya Nguu, na jina la ukoo wake, Wakilindi, likatokana na mahali hapo. Wilaya ya Kilindi ya leo, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, imelibeba jina hilohilo. Mbegha alikuwa kigego: meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya ya chini, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi. Ulipofika wakati wa kugawana mali ya marehemu, ndugu zake walimkatalia fungu lake. Akachukua mbwa na mikuki yake, akaingia porini.

Huko Usambara alikuta wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe mwitu mashambani. Aliwaua nguruwe, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shamba. Akawa mtu wa kuamua kesi. Kule Vuga anasimuliwa kwamba aliua simba, na wafalme waliomfuata waliitwa Simba Mwene. Koo mbalimbali zilimwoza binti zao, na watoto waliozaliwa wakawa na wajomba kila upande wa milima.

Wanahistoria wanaitazama simulizi hii kwa tahadhari, kwa kuwa imepambwa ili kuupa utawala uhalali. Hata hivyo, ukoo uliotawala kwa kurithishana uliamua kuanza historia yake na mtu asiyerithi chochote. Mbegha anatajwa kuwa alipewa nchi kwa sababu ya kazi aliyowafanyia watu, na wanawe wakaipata kwa sababu walikuwa wanawe. Tofauti hiyo ndiyo iliyowasumbua Wakilindi hadi mwisho wao.

Mbegha alipokufa, kifo kilifichwa. Wazee wa Vuga walimzika kwa siri, kisha watu wakatumwa Bumbuli kumchukua mwanawe, Bughe, aliyekuwa akitawala huko karibu na ukoo wa mama yake. Aliletwa usiku. Watu walipokuja kujua kwamba mfalme amefariki, tayari mwingine alikuwa amekalia kiti. Hofu ya wazee haikuwa mzimu wa marehemu. Walihofia saa zile chache ambazo nchi ingekaa bila mwenyewe huku ndugu wengi wakiwa na haki ya kudai.

Wana kila kilima

Utawala huo ulifika kileleni kwa Kimweri ye Nyumbai, kitukuu wa Mbegha, aliyeshika nchi kuanzia takriban mwaka 1815 hadi kifo chake mwaka 1862. Himaya yake ilishuka kutoka milimani hadi baharini. Katika miji ya pwani kati ya Tanga na Pangani, madiwani, yaani watawala wa miji hiyo, walilazimika kutazama pande mbili, Vuga na Unguja, kwa maana Kimweri na Sayyid Said wote walidai kuwa na sauti pale.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na kurudi mwaka 1852. Alistaajabishwa na nguvu za mfalme na jinsi watoto wake walivyotapakazwa katika uongozi wa nchi. Februari 1857 alifika Mwingereza Richard Burton pamoja na John Hanning Speke. Burton alimkuta Kimweri mzee, mgonjwa, amelala kitandani. Mfalme aliambiwa kwamba wageni ni waganga, na alichotaka kwao ni dawa ya kumrudishia afya yake. Burton aliandika pia kwamba mfalme alikuwa na wana wa kiume kati ya 80 na 90. Huenda hesabu hiyo ni ya kusikia, lakini inaonyesha jinsi nyumba ya Vuga ilivyozungumzwa hadi pwani.

Mbinu ya Kimweri ilikuwa rahisi kuieleza. Kila wilaya alimweka mwanawe awe zumbe, yaani mtawala wa eneo. Mwana alikusanya kodi, akaamua kesi, akapeleka sehemu ya mapato Vuga. Maadamu baba yu hai, amri ilishuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na hakuna Msambaa aliyehitaji kufundishwa kwamba mtoto humtii baba.

Kasoro ilikuwa imejificha ndani ya mafanikio hayo. Kimweri aliishi muda mrefu kupita kiasi. Mwanawe aliyetarajiwa kurithi, aliyeitwa Mbegha kama mwasisi, alitangulia kufa. Mwaka 1862 kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu mwana wa Mbegha. Kijana huyo akajikuta anatawala milima iliyojaa baba wakubwa na baba wadogo, kila mmoja ameshika wilaya yake kwa miaka mingi, ana wake, mifugo na wafuasi. Kwa sheria ya kiti, yeye alikuwa mkubwa wao. Kwa sheria ya ukoo, alikuwa mtoto wao. Ni mtoto gani anayemwita baba yake mdogo barazani na kumtoza kodi?

Aliyelijibu swali hilo kwa silaha ni Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri. Yeye alikuwa zumbe wa Mazinde, chini ya milima, kwenye tambarare inayopitiwa leo na barabara ya kutoka Korogwe kwenda Same. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka na kuelekea Pangani ilipita mlangoni kwake. Kutokana nayo alipata bunduki, baruti na marafiki wa kibiashara. Vuga, huko juu, ilikuwa na heshima ya mvua na matambiko. Mazinde ilikuwa na soko.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 watu wa Semboja waliivamia Vuga. Shekulwavu alikimbia na hakuishi sana baada ya hapo. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba Semboja hakujitawaza. Alimkalisha kitini mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akarudi Mazinde kwenye biashara yake. Cheo kilikuwa Vuga, maamuzi yakawa bondeni kwa baba.

Wabondei waliokaa kati ya milima na bahari waliona nafasi yao. Waliinuka katika vuguvugu lililoitwa Kiva, wakawaua au kuwafukuza Wakilindi waliowekwa kuwatawala. Ugomvi wa mirathi ndani ya familia moja ukawa vita vya watu wote, na biashara ya watumwa ikanenepa kwa mateka wake. Mapigano ya huku na huku yaliendelea hadi Wajerumani walipofika.

Mkoloni anachagua mrithi

Wajerumani hawakuufuta ukoo huo mara moja. Mwaka 1895, mwaka aliofariki Semboja, walimnyonga Mputa, aliyekalia kiti kwa upande wa Semboja, wakamweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu aliyepinduliwa. Kwa hiyo nyumba iliyoshindwa ilirudishwa kitini na wageni. Kinyashi aliishi kwa woga, akajua kwamba mtangulizi wake aliishia kitanzini, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaacha kazi. Serikali ikajaza nafasi yake kwa maakida na majumbe.

Waingereza walipoleta mfumo wa kutawala kupitia machifu katikati ya miaka ya 1920, walimtafuta Kinyashi yuleyule, sasa mtu mzima, wakamrudisha. Mwaka 1929 akajiuzulu tena. Yawezekana ni mtawala wa nadra katika Afrika Mashariki aliyerithi kiti mara mbili na kukikimbia mara mbili.

Baada yake ukoo uliendelea, ila kazi ilikuwa imebadilika. Mfalme wa zamani alikula kodi na kuwajibika kwa mvua: nchi ikistawi anasifiwa, ikikauka ananyooshewa kidole. Mfalme wa kikoloni alikusanya kodi ya bwana mwingine. Miaka ya 1940 serikali ilipoanzisha mpango wa kuwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, machifu ndio waliotumwa kuusimamia. Manung'uniko yakapanda, na mwaka 1947 mfalme Magogo aliachia ngazi kwa shinikizo la umati. Kiti kikaenda kwa Mputa Magogo, wa mwisho kukikalia chini ya Waingereza.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mjadala wa wanavijiji wakati chama cha TANU kinaingia ulikuwa mzito kuliko walivyodhani wakubwa wa wilaya. Wakulima walijadili nani ataponya nchi na nani ataiharibu. Wapo waliotaka machifu wang'oke, na wapo waliouliza: wakiondoka, mvua itashikwa na nani?

Mtoto wa chifu awafuta machifu

Jibu la serikali huru lilikuja kwa sheria. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika liliondoa nafasi ya uchifu nchi nzima. Aliyeongoza uamuzi huo, Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki. Mwaka mmoja kabla, Habari za Wakilindi kilikuwa kimechapishwa upya. Kitabu kilipata uhai wakati ufalme unazikwa.

Machifu waliondoka ila wenye asili ya uchifu walibaki, kwa kuwa ndio waliosomeshwa mapema. Bunge liliongozwa kwa miaka mingi na Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe. Kati ya mwaka 1973 na 1975 kiti cha Spika kilikaliwa na mtu wa Tanga, Chifu Erasto Mang'enya, Mbondei. Hawakuwa pale kwa urithi. Lakini shule walizosoma zilikuwa na milango iliyowafungukia mapema wana wa watawala.

Upande wa pili wa maji, mapinduzi ya Januari 1964 yaliuangusha usultani wa Wabusaidi. Abeid Amani Karume akawa Rais wa kwanza wa Zanzibar. Mwaka 2000 mwanawe, Amani Abeid Karume, akachaguliwa kushika nafasi hiyohiyo, akamaliza vipindi viwili. Mwaka 2020 akaingia Hussein Ali Mwinyi, ambaye baba yake, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alikuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 hadi 1985 kabla ya kuwa Rais wa Muungano. Marais wanane tangu mapinduzi. Wawili ni watoto wa marais.

Orodha ya Bara nayo si fupi. Ridhiwani Kikwete alishinda uchaguzi mdogo wa Chalinze mwaka 2014, baba yake akiwa bado Ikulu. Adam Malima, aliyepelekwa Tanga kuwa Mkuu wa Mkoa mwaka 2021, ni mtoto wa waziri wa zamani, Profesa Kighoma Malima. Nape Nnauye na Vita Kawawa wana majina yanayojulikana tangu enzi za TANU. Baraza la mawaziri la Novemba 2025 lilikuwa na Wanu Hafidh Ameir, binti wa Rais Samia Suluhu Hassan, kama naibu waziri, na mumewe, Mohamed Mchengerwa, kama waziri. Makongoro Nyerere alikwenda kinyume: mwaka 1995 alishinda ubunge wa Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akipingana na chama alichokijenga baba yake, ingawa mahakama ilitengua ushindi huo.

Tanzania haiko peke yake. Jirani yake, Kenya, ilikuwa na Jomo na Uhuru Kenyatta upande mmoja, Jaramogi na Raila Odinga upande mwingine. Marekani imeongozwa na Bush wawili, India na vizazi vitatu vya nyumba ya Nehru, na Ufilipino ilimchagua mtoto wa Ferdinand Marcos mwaka 2022. Utafiti wa Ernesto Dal Bó na wenzake kuhusu Bunge la Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uligundua kwamba mbunge anayekaa muda mrefu zaidi madarakani huongeza uwezekano wa ndugu yake kuingia baadaye. Kukaa kwenye kiti kwenyewe huzaa warithi.

Mlango wa chama

Turudi Bumbuli. Itakuwa kumwonea January Makamba kusema alibebwa tu. Mwaka 2015 aliingia kwenye tano bora ya waliotaka urais kwa tiketi ya CCM, pamoja na Bernard Membe, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli aliyeteuliwa. Ameshika Muungano na Mazingira, Nishati, kisha Mambo ya Nje. Lakini safari yake inaonyesha pia kwamba jina la baba hufungua mlango na laweza kuufunga. Julai 2019 Mzee Makamba na Abdulrahman Kinana, wote makatibu wakuu wastaafu wa chama, walitoa waraka wa kulalamikia kuchafuliwa kwao. Siku chache baadaye January akaondolewa uwaziri. Mawasiliano ya simu yaliyovuja wakati ule yalimgusa yeye mwenyewe pia, akaomba radhi na kusamehewa na Rais Magufuli. Mwaka 2021 Rais Samia akamrudisha barazani. Julai 2024 akamwondoa. Mwaka uliofuata jina likakatwa.

Hapo ndipo Bumbuli ya leo inapotofautiana na Bumbuli ya Bughe. Aliyetarajiwa kurithi zamani alipitishwa na wazee wa Vuga na wajomba zake. Leo anapitishwa na vikao. Mpiga kura hukutana na jina Oktoba, wakati mchujo ulishafanyika miezi kadhaa kabla. Wajumbe wa mashina na kata wana uzito wao, na mwaka 2020 wagombea walioangushwa waliiachia nchi msemo wa "wajumbe si watu". Lakini hata wajumbe hawana neno la mwisho: kura ya maoni ni pendekezo, na vikao vya juu vinaweza kumpitisha wa pili au wa tatu, au kukata jina kabla wajumbe hawajaliona.

Asiyeridhika hana pa kwenda nje ya vyama. Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki zake. Sharti lingali palepale.

Kwa sababu hiyo, kelele za kila msimu wa uchaguzi dhidi ya watoto wa vigogo hulenga pasipo. Mtoto wa kiongozi ni raia, ana haki ya kuchukua fomu kama mtoto wa mkulima wa chai wa Mponde. Kinachomtofautisha ni kwamba anawajua walioshika mlango, nao wanamjua tangu utotoni. Na ubaya wa mlango huo hauko kwa anayepita peke yake; uko hata kwa anayezuiwa, iwapo sababu haikutolewa kwa wale anaotaka kuwawakilisha. Wananchi wa Bumbuli hawakumpigia January kura ya kumkataa mwaka 2025, kama ambavyo hawakuulizwa iwapo bado wanamtaka.

Dawa yake haihitaji kufuta ukoo wa mtu. Vyama vitangaze hesabu kamili za kura za maoni, jimbo kwa jimbo, na vinapoondoa jina vitoe sababu kwa maandishi. Bunge litekeleze uamuzi wa mwaka 2013 na kumruhusu mgombea binafsi. Hayo mawili yakifanyika, mtoto wa kigogo atasimama Soni au Vuga mbele ya wapinzani wake, na watakaompima ni watu wa huko.